Doa la Unyevu

Mlango wa barabarani ni mmoja tu, wa kijani,
kati ya fundi viatu na mkahawa mpya
unaouza mkate na parachichi kwa bei ya kilo ya samaki.
Ukiusukuma unakutana na kichochoro,
nyumba kumi na sita zimebanana kama meno,
karo moja la kufulia, vyoo vitatu mwishoni.
Watu wa Porto hupaita mahali kama hapa kisiwa.
Maji yake ni yale yanayopanda ukutani.

Nilishuka kwenye treni ya Aveiro na kamera ya kuazima,
nikapiga picha kabla sijapiga hodi:
soksi kambani, paka,
kiti cha plastiki kilichoungwa kwa waya.
"Umemaliza?" sauti ikauliza dirishani.
"Basi sasa tusalimie."

Ndivyo nilivyomjua Ermelinda Quintas wa namba tisa,
miaka thelathini na nane akishona kola za mashati
ya wanaume asiowajua.
Alinipa kahawa katika kikombe kizima,
chenye ufa akajiwekea mwenyewe.
Kisha akasogeza kitanda, nami nikamsaidia,
akanionyesha doa la unyevu:
pana, lenye pembe, nchi ambayo hakuna ramani inayoikubali,
kila Novemba inateka shubiri moja zaidi.

"Lipige hili," alisema. "Mwenye nyumba anasema ukuta ni mzima.
Wakili wa parokia anataka picha."

Nililitazama. Mwanga ulikuwa mbaya.
Nikasema kesho.
Nikamgeuzia yeye lenzi, mikono yake mezani,
kidole cha shahada kimetobolewatobolewa na sindano,
na jua la saa kumi likamwangukia
kana kwamba limelipwa.

Nilirudi Jumamosi tatu. Kesho haikurudi nami.
Adérito wa namba mbili alikataa katakata:
"Mtu wa mwisho kututazama kwa jicho moja limefumbwa
alikuwa mpima viwanja."
Pacha wa Zulmira walinitolea ndimi, wakaanguka kwa kicheko;
picha zao nikazifuta.
Umaskini nilioufuata kwa treni
haukuwa na kicheko kile.

Usiku, magurudumu ya masanduku ya wageni yalisaga mawe.
Milangoni viliota visanduku vya funguo, vyenye tarakimu,
vimeng'ang'ania mbao kama kupe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotangulia.
Mwenyeji alihamishiwa Gondomar,
ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Kesi ilikosa ushahidi.
Picha ya mikono nilikwisha iuza kwa wakala,
na kodi yangu ya miezi miwili ilitoka humo.
Sikuuliza inakwenda wapi.

Baada ya miaka miwili nilikodi namba tisa kwa usiku mmoja.
Sijui nilitaka nini. Labda kuadhibiwa kwa bei nafuu.
Kuta nyeupe, sabuni ya mrujuani,
na juu ya kitanda, ndani ya fremu ya mbao,
mikono ya Ermelinda, mikubwa kuliko mimi.
Niliishusha kuinusa rangi, au kuiiba.
Nyuma yake, ndani ya chokaa mbichi,
ile nchi ilikuwa inarejea,
imeshapita kimo cha fremu kwa kidole kimoja.

Nikalipiga. Saa tano usiku, chini ya taa ya njano,
mkono ukitetemeka.
Ni picha safi. Kila kitu kinaonekana.

Nilipanda ghorofa nne nayo katika bahasha.
Nilibisha. Nilingoja mpaka akafungua.
Aliiweka mezani, akavaa miwani, akakaa nayo kitambo,
wala hakusema nimechelewa.

"Kitanda wamekigeuza," alisema.
"Wanalaza watu miguu ikielekea mlangoni,
kama maiti."
Akainuka kuchemsha kahawa.
Safari hii sikuona ni kikombe gani alinipa;
nilikuwa nimeinamisha macho.